Mkono Unaojua Pa Kukata

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara jijini Dar es Salaam, wanunuzi hukimbilia kwanza asumini na waridi. Mafunjo na ndugu zake wa jamii ya Cyperus huwekwa nyuma, ndani ya mabeseni ya maji, kijani kitupu. Wakulima wanaujua ukoo huo kupitia ndago, gugu linalorudi shambani hata likipaliwa vipi. Mzee mmoja mtunza kitalu ameugeuza ukaidi huo kuwa kazi ya mikono, na kumtazama akiifanya ni somo.

Huanza na aina fupi, ile ambayo majani yake yametandazwa juu ya bua kama mwavuli. Huchagua bua lililokomaa ambalo bado halijaanza kugeuka manjano, akalikata kwa mkasi mkali na kuacha kipande kifupi tu chini ya kichwa. Kisha hupunguza majani, jani baada ya jani, hadi yabaki nusu, kwa sababu kichwa kisicho na mizizi hakiwezi kunywesha majani marefu. Akimaliza hukipindua kichwa juu chini na kukielekeza kwenye maji, bua likitazama angani.

Anayeona mara ya kwanza hudhani amekosea. Lakini macho ya kuchipua yamejificha pale majani yanapokutana na bua, na hapo ndipo panapohitaji maji. Hata porini, bua likilala kwenye tope, kichwa hutoa mizizi. Mzee hubadilisha maji kabla hayajanuka, na havuti kichwa kuona kama kimeshika. Baada ya wiki mbili au tatu, mizizi myeupe huonekana ikining’inia, na katikati ya majani yaliyochakaa huchomoza vichipukizi vyembamba. Huvisubiri viwe na nguvu ndipo avihamishe.

Mafunjo yenyewe, ambayo bua lake lenye pembe tatu huweza kupita mita 4, huyagawa kwa tunguu, yaani shina nene linalotambaa chini ya udongo. Huutoa mmea mzima kwenye beseni, huosha udongo kwa maji, halafu hulikagua tunguu kwa vidole kabla ya kushika kisu. Sehemu ya katikati imezeeka na kuwa ngumu. Ya pembezoni ndiyo changa. Hukata pembezoni, akihakikisha kila kipande kina mizizi yake na walau jicho moja lililovimba.

Udongo anaoutumia ni mzito, wenye mfinyanzi, uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza sawasawa. Samadi mbichi ingeyaharibu maji. Juu hutandaza kokoto ili udongo usielee, kisha humimina maji polepole kwa kupitishia kwenye kiganja. Ndani ya beseni huachia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Beseni huliweka penye jua, palipokingwa na upepo, maana bua refu likivunjika halirekebishiki.

Kazi inayobaki ni ya kila wiki, mwaka mzima. Bua lililokauka hulikata chini kabisa, karibu na tunguu. Halipunguzi kichwani, kwa kuwa bua la mafunjo lililokatwa juu halitoi kichwa kingine. Hubaki kisiki kinachooza. Hupenyeza mkono katikati ya mabua mabichi bila kulikunja hata moja, hupapasa hadi kwenye shina la lile kavu, ndipo mkasi hufuata. Mwanga ukishuka hadi chini, machipukizi mapya hupanda yakiwa yamenyooka.

Mteja akisifia beseni lililojaa, mzee humwonyesha kwanza pa kukata, kisha ndipo hutaja bei. Anajua kwamba mmea huu hautamwangusha mtu mwenye maji ya kutosha na subira, na hataki uondoke kitaluni bila ujuzi unaouweka hai.