Ngome ya Mawe, Ngome ya Mti

Kila anayetoka Fort Jesus ana picha ileile: mzinga, bahari nyuma, miwani ya jua. Hata mimi ninayo. Lakini hebu tuisome hii ngome kama tunavyosoma riwaya, maana aliyeichora alijua anachotaka kusema.

Ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno. Ujenzi ulianza 1593. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala, kwa kuwa wasanifu wa Italia enzi hizo waliamini mwili wa binadamu ndio kipimo kamili cha jengo. Pembe zake zimetokeza nje ili adui asipate pa kujibanza: akikaribia ukuta huu, anapigwa kutoka pembe ya jirani. Kumbe uzuri wote ule ni hesabu ya kuua. Linganisha na Lal Qila ya Delhi, iliyokamilika 1648. Kuta zake ni ngome kweli, lakini ndani Shah Jahan aliweka marumaru na mifereji ya maji. Yeye alitaka uingie uduwae. Cairati alitaka ubaki nje.

Shida yangu si jengo, ni stori tunayolisimulia. Huwa ni ya waliolishika: Wareno, Waomani walioliteka 1698 baada ya kulizingira karibu miaka 3, halafu Waingereza. Hawa wa mwisho waliligeuza jela, 1895 hadi 1958. Miaka 63 ya wafungwa, na sisi tunaipita kwa sentensi moja tukikimbilia mizinga.

Kilichonisimamisha mimi ni michoro ya ukutani ya Wareno wenyewe: meli na makanisa, kwa mkaa na udongo mwekundu. Mlinzi wa ngome naye alikuwa akiota kwao. Hakuna maelezo ya kibao yanayoifikia.

Isiolo, kwetu, Waingereza hawakuhitaji Mwitaliano. Kaskazini ilipofungwa mwaka 1926, ukitaka kupita ilibidi uwe na kibali. Ukuta wetu ulikuwa kizuizi, mti uliolazwa barabarani. Mti huo ulishaondoka, lakini bado utamsikia mzee anayeelekea Nanyuki akisema anaenda Kenya.

UNESCO iliiorodhesha Fort Jesus 2011, na inastahili. Nendeni mkaione. Ila mkirudi, ulizeni nyumbani kwenu ni wapi palipokuwa na mti, na nani alizuiwa pale.