Saute ma ville: dakika 13 ndani ya jiko

Wandugu wengi humu ndani wanasifu Jeanne Dielman, ile filamu ya Chantal Akerman ya 1975 ambayo jarida Sight and Sound liliweka namba moja mwaka 2022. Sawa. Lakini ile inapita saa tatu, na najua wengi wenu mmelala katikati. Muanze na Saute ma ville, ya 1968. Dakika 13 tu, nyeusi na nyeupe. Akerman alikuwa na miaka 18, ametoka kuacha shule ya sinema kule Bruxelles kiisha miezi michache.

Msichana (ni yeye mwenyewe) anarudi nyumbani na maua mkononi, anapanda ngazi mbio, anajifungia jikoni. Anapika spageti, anakula haraka haraka. Anabandika skochi kwenye mlango. Paka anatolewa. Vyombo vinatupwa chini, maji yanamwagwa juu, njo anaanza kusugua. Kisha anapakala siraji kwenye viatu, na ile brashi haisimami: inapanda mpaka kwenye mguu. Pale lazima ucheke. Mwishowe anafungua gazi, anainama juu ya jiko na maua yake. Giza, halafu mlipuko.

Leo wengi wanaiangalia kwa nyuma, kwa sababu Akerman alijiua mwaka 2015. Wanasema: mnaona, alishatangaza. Mimi nakataa. Kuisoma vile ni kumunyang'anya msichana wa miaka 18 kicheko chake, na kuibadilisha filamu kuwa karatasi ya daktari. Hata jina halisemi "nilipuke", linasema mji wangu ulipuke. Angalia vizuri zile kazi: kupika, kusugua, kung'arisha viatu. Zote ni kazi ambazo binti anafundishwa nyumbani, na anazifanya zote, ila kila moja anaipitisha mpaka inaharibika. Jeanne Dielman atafanya zile zile kwa utaratibu wote, miaka 7 mbele. Kwangu huyu mdogo ndiye mkali zaidi.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mama yake Akerman alipona Auschwitz. Kwa mtoto wa nyumba ile, mlango uliozibwa na gazi haviwezi kuwa mchezo mtupu, na filamu haielezi kitu. Inaimba tu. Sauti yake inaimbaimba juu ya picha, mara nyingi bila kufuatana nazo, kama mtoto anayejituliza gizani.

Siyo kazi safi, tusidanganyane. Mwanzo wa ngazi unarudiarudia, na kule kucheza mbele ya kioo kungepunguzwa. Pesa nazo zilikosekana: filamu ilikaa laboratwari kwa muda kwa sababu hakuwa na ya kulipa.

Mukiangalia, musifunge kiisha mlipuko. Skrini inabaki nyeusi, na ile sauti inarudi kuimba.