Waokota Mbegu wa Vilima vya Shaba

Kati ya Kolwezi na Fungurume, mkoani Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msitu wa miombo hukatika ghafla kila unapofika kwenye kilima cha madini. Miti inakoma, nyasi fupi na maua vinashika nafasi, kwani udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mimea mingi. Inayostahimili ni ya pekee: wanabotania, akiwemo François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi, wameorodhesha spishi zaidi ya 600 kwenye vilima vya Katanga, na zaidi ya 30 kati yake hazioti kwingine duniani. Mmea mmoja wa jamii ya mrehani, Haumaniastrum katangense, huota hata juu ya tanuri zilizozimika karne nyingi zilizopita. Wanaakiolojia wameufuata wakafika wahenga walipoyeyushia shaba.

Sasa vilima vyenyewe vinaliwa na mashine za migodi. Huko Fungurume, watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji pamoja na wafanyakazi wa bustani za miche wamekuwa wakiiokoa mimea hii kabla ya mlipuko. Ninaowastaajabia ni waokota mbegu.

Chukua marejea wa kobalti, Crotalaria cobalticola, wenye maua ya njano. Ganda likiwa bichi, mbegu hazijakomaa. Likikauka mno, hupasuka na kuzirusha. Mwokotaji hupiga magoti, hutikisa ganda karibu na sikio, na mbegu zikicheza ndani ndipo hulikata. Kilima kisichoguswa huachiwa sehemu kubwa ya mbegu zake. Kilichokwisha kupangiwa tingatinga huokotwa hadi punje iliyoanguka.

Mbegu huingia kwenye bahasha ya karatasi, maana plastiki huzishikia unyevu zikaoza. Juu huandikwa jina la kilima, tarehe na mahali kwenye mteremko. Hilo la mwisho mgeni huliona la kupita kiasi, kumbe ndilo kiini cha kazi: kuna mmea wa kileleni penye shaba kali, na kuna wa chini penye shaba hafifu. Ukiubadilishia mahali, huenda usistawi kabisa. Mbegu za jamii ya kunde zina ganda gumu, hivyo hukwaruzwa kidogo kwa msasa ili maji yapenye. Ukikwaruza mno umeua kiini. Mimea mingine haihamishwi kwa mbegu, hung'olewa na bonge zima la udongo, mizizi na nyasi za jirani zake, kama anayehama na ukoo.

Jumapili makanisa ya Kolwezi hujaa hadi uani. Sina neno na nyimbo zile. Ila unyenyekevu wa Jumanne, wa mtu aliyeinama juani akingoja mmea usioliwa wala kuuzwa, naona nao ni ibada, hata kama mwenyewe ataiita kibarua tu na kuuliza mshahara unaingia lini. Sijidanganyi pia: mgodi unaolipia bustani ndio unaokula kilima.

Mbegu nyingine zimehifadhiwa kwenye baridi kali katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Ni akiba njema. Lakini siku ya kuzirudisha atatakiwa mtu anayejua kusoma mteremko kwa macho, na ujuzi huo haugandishwi. Unafunzwa hapa Lualaba, mmoja akimwonyesha mwenzake ganda lipi lingali bichi.