Hesabu za Mpemba

Wanafunzi wengi wa hisabati huichukulia kozi ya milinganyo ya diferensho kama kitabu cha mapishi. Ukiona mlinganyo wa namna hii, tenganisha. Ukiona wa namna ile, tafuta kizidisho chake. Vyote vikishindikana, jaribu mfuatano. Mimi niliisoma kozi hiyo nikijiandaa kuwa mwalimu, nikaifaulu, na sina kinyongo na aliyenifundisha. Lakini kila nikilifungua daftari langu la wakati ule, hapa Kitangari, naiona kasoro moja ambayo haifai kunyamaziwa. Kozi hufundisha namna ya kuufumbua mlinganyo, wala haifundishi kuuliza mlinganyo huo umetoka wapi.

Kwa lugha nyepesi, mlinganyo wa diferensho hausemi kitu kipo kiasi gani. Husema kinabadilika kwa kasi gani, kisha msomaji mwenyewe atafute kiasi. Ni wazo zuri mno. Hata hivyo, katika vitabu vingi wazo hilo huletwa kwa mfano wa tangi la maji ya chumvi: lita kadhaa zinaingia kila dakika, lita kadhaa zinatoka, na mtu asiyetajwa jina anakoroga bila kuchoka. Ndugu msomaji, tangi hilo nani amepata kuliona?

Huku Umakondeni hatuna haja ya tangi la kubuni. Juu ya uwanda hakuna mito. Maji yapo mabondeni, na tangu zamani watu wamekuwa wakiyashukia au kukinga mvua ya bati katika visima vya saruji. Tuseme kisima kina lita 20,000 mvua zinapokatika katikati ya Mei, na nyumba inachota ndoo sita za lita 20 kila siku, yaani lita 120. Ikichota hivyo bila kubadili, kisima kitakauka baada ya siku 166 hivi, mwishoni mwa Oktoba, na mvua za kuaminika huenda zikasubiriwa hadi Desemba.

Lakini hakuna mama wa nyumba anayechota hivyo. Akiona maji yanashuka, anapunguza. Tukisema anachota kwa uwiano wa maji yaliyobaki, mlinganyo unabadilika, na jibu linabadilika. Baada ya siku zile zile 166 kisima bado kina lita 7,300 na zaidi. Tusikimbilie kushangilia, kwa maana siku hiyo nyumba nzima inaishi kwa ndoo mbili na kidogo. Milinganyo yote miwili hufumbuliwa kwa dakika tatu. Kazi ngumu ni kuamua upi unaifaa nyumba ile, na kazi hiyo ndiyo mtihani hauiulizi.

Kwamba jambo hili si dogo, Tanzania inayo kesi yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, somo lilipofikia kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza sababu. Akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kosa lolote la hesabu darasani likaitwa hesabu za Mpemba.

Kanuni ya Newton ni mlinganyo wa diferensho wa kwanza kabisa katika kozi nyingi: kasi ya kupoa hulingana na tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake. Tuchukue maji ya nyuzi 100 na ya nyuzi 35 ndani ya friza ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kama maji ya nyuzi 35 yanafika sifuri kwa dakika 60, mlinganyo unayapa yale ya nyuzi 100 dakika 101 na ushei. Hayawezi kuyapita, kwa kuwa lazima kwanza yapitie nyuzi 35, na kutoka hapo yafuate njia ile ile. Kwa hiyo, ndani ya mlinganyo, mwalimu alikuwa sahihi.

Tatizo ni maneno hayo matatu, "ndani ya mlinganyo". Mlinganyo ule umeshakubali kwamba maji yote chomboni yana joto moja, kwamba hakuna mvuke unaopotea, na kwamba hali ya maji huelezwa na namba moja tu. Maziwa ya Mpemba hayakutia saini mkataba huo. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoulizwa swali lile lile, wanafunzi wakacheka. Yeye akaahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Mtu asinielewe vibaya. Ubishi haujakwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakisema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia kufika sifuri. Huenda Newton akashinda. Lakini ushindi huo utatoka kwenye vipimajoto, hautatoka kwenye kicheko cha darasa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo moja dogo. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kutenganisha na kufumbua, aandike kwa Kiswahili chake, katika mistari mitatu, mlinganyo huu umekubali nini na umeacha nini. Asiyeweza kuiandika mistari hiyo, hata akipata jibu, bado hajui amejibu swali gani.