Risasi Iliyoharibu Kafara ya Tris

Bastola ya David haikupaswa kuwamo chumbani mle. Nalisema mapema ili nisimzungushe msomaji. *Allegiant*, kitabu cha tatu na cha mwisho cha mfululizo wa *Divergent* wa Veronica Roth, kilikuwa na kafara iliyoiva, imeandaliwa kwa subira katika vitabu viwili na nusu, kisha mwandishi akaitupa kwa ajili ya risasi moja. Tangu kitabu kitoke Oktoba 2013, wengi waliokikasirikia walikasirika kwa sababu Tris Prior, shujaa wake, anakufa. Mimi sina ugomvi na kifo cha Tris. Ugomvi wangu ni kwamba anauawa na kitu ambacho hakukichagua.

Tulirudie tukio polepole, maana kosa limo katika mpangilio wake. Wakuu wa Bureau, taasisi inayoiendesha Chicago kama jaribio kutoka O'Hare, wamekata shauri kufuta kumbukumbu za Chicago nzima ili jaribio lao lianze upya. Tris na wenzake wanataka kuwatangulia: seramu ya kumbukumbu imwagwe ndani ya Bureau yenyewe. Imefungiwa katika maabara ya silaha, na maabara inalindwa na seramu ya kifo. Anayeingia ameaga. Caleb, kaka aliyemsaliti Tris kwa Jeanine Matthews, kiongozi wa kundi la Erudite, katika kitabu cha pili, *Insurgent*, anakubali kwenda. Anakwenda kwa sababu hatia imemchosha, na Tris anaiona hatia hiyo wazi. Dakika ya mwisho, katika ujia, walinzi wakiwakaribia, Tris anamwelekezea bastola kaka yake na kumnyang'anya mkoba.

Hadi hapo sina la kukosoa. Huu ndio uandishi bora kabisa katika mfululizo wote. Katika *Divergent*, ndani ya chumba cha mitambo, Tris alimkabidhi mpenzi wake Tobias bastola kwa kuwa hakuweza kumuua; alitoa maisha yake kwa silika ya mapenzi. Katika *Insurgent* alijipeleka mwenyewe makao makuu ya Erudite, na ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta kufa kwa uchungu wa wazazi wake na wa Will, rafiki yake aliyemuua kwa mkono wake. Mara ya tatu anataka kuishi. Ana Tobias, ana kesho, na anamwambia Caleb kwamba seramu nyingine amezishinda, huenda na hii akaishinda. Roth mwenyewe alieleza hadharani baadaye kwamba hiyo ndiyo safari aliyokusudia, na mimi namwamini, kwa sababu safari hiyo inaonekana kwenye maandishi bila kuhitaji maelezo yake. Mtu aliyetaka kufa amejifunza kutaka kuishi, kisha anachukua nafasi ya mwingine. Kafara ya riwaya haihitaji zaidi ya hapo.

Halafu Tris anaingia. Seramu inamshika, inamshawishi aachie, naye anakataa. Anapona. Anasukuma mlango wa mwisho, na ndani yumo David, mkuu wa Bureau, kwenye kiti chake cha magurudumu, amekwisha kujikinga na seramu, bastola mkononi. Wanazungumza. Tris anarukia kifaa, risasi zinampata, anabonyeza kitufe cha kijani, anamwona mama yake, basi.

Angalia kilichofanyika hapo. Msomaji ameambiwa kwa sura nyingi kwamba bei ya chumba kile ni seramu ya kifo. Caleb aliikubali bei hiyo. Tris aliichukua kutoka mgongoni mwa Caleb. Mwandishi anamfikisha mhusika wake kwenye bei, anamsamehe, kisha anamtoza bei nyingine mlango wa pili. Kifo alichokikubali hakikumpata, na kilichompata hakukikubali. Sehemu yake ya kafara iliisha salama pale seramu iliposhindwa. Kilichobaki ni mapambano ya mtu asiye na silaha na mtu mwenye silaha, jambo ambalo lingeweza kutokea katika ukurasa wowote wa vitabu vyote vitatu.

Watetezi wa kitabu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kifo halisi huja bila mpango, na Roth alitaka tuhisi ukatili huo. Lakini kazi hiyo imekwisha fanywa na kifo cha Uriah, rafiki yao. Mlipuko unamkuta hana habari, analala kitandani bila kuamka tena, na Tobias anabeba lawama mpaka mbele ya mama yake Uriah. Kitabu kilikuwa kimeshalipa deni la kifo kisicho na maana, na kililipa vizuri. Hoja ya pili ina uzito zaidi: David alimpenda Natalie, mama yake Tris, na ndiye aliyemtuma Chicago, kwa hiyo chumbani mle anasimama mtu anayetoa wengine kafara mbele ya binti wa mwanamke aliyejitoa mwenyewe. Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni kwamba mabishano yale yangeweza kufanyika ukurasa wowote uliotangulia, na Roth alikuwa na nafasi tele, kwani David na Tris walikutana mara kadhaa. Kuyaleta pale, kwa sentensi chache zilizobanwa kati ya mlango na kitufe, kumeyanyima pumzi mabishano na kifo pia.

Na mfano wa namna ya kulifanya upo ndani ya kitabu chake cha kwanza! Natalie, katika *Divergent*, anatoka mbio kuwavuta askari wa kundi la Dauntless ili binti yake apate njia. Anakwenda kwenye risasi akijua ni risasi. Andrew, baba, anafanya vilevile muda mfupi baadaye. Roth alikuwa na umri wa miaka 22 kitabu kile kilipotoka mwaka 2011, na tayari alijua kwamba anayejitoa lazima auone uso wa kile kinachomchukua. Miaka miwili baadaye akasahau alichokijua.

Nimesema mara nyingi, na nitaendelea kusema, kwamba waandishi wa riwaya za vijana wangesoma upya *A Tale of Two Cities* kabla ya kumuua yeyote. Dickens mwaka 1859 alifunga skrubu tatu za kifo cha Sydney Carton mapema kabisa: anafanana na Charles Darnay kwa sura, na kufanana huko kumemwokoa Darnay mahakamani London, amemwahidi Lucie, mwanamke wanayempenda wote wawili, kwamba atatoa uhai wake kwa ajili ya wale ambao Lucie anawapenda, na ni mtu anayejidharau. Anapobadilishana nguo na Darnay gerezani Paris, kila kitu kinachomuua tumekwisha kukishika mikononi. Gilotini iliyokuwa ya Darnay ndiyo inayompata yeye. Hebu fikiria Carton anafika chini ya gilotini, gilotini inagoma, kisha askari fulani anampiga risasi kwa kisa kingine. Hakuna ambaye angekumbuka jina lake.

Hata kwetu mfano upo, na haujapata kushindwa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya *Kinjeketile* ya mwaka 1969, anamfikisha shujaa wake gerezani ambako mwenzake Kitunda anamsihi atamke kwamba maji aliyowapa wapiganaji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwa sababu anaona tamko hilo litawafikia watoto wa kesho. Njia ya kuepuka mateso ipo mbele yake, imeelezwa kwa maneno, naye anaiacha. Hussein hakuleta mtu mwingine kutoka nyuma ya pazia ammalize.

Suzanne Collins naye alilijua jambo hili. Katniss anajitolea badala ya mdogo wake Prim mwanzoni mwa *The Hunger Games* (2008), kisha katika *Mockingjay* (2010) Prim anakufa kwa bomu. Ni ukatili mkubwa kuliko wa Roth, maana unafuta kile Katniss alichokinunua kwa maisha yake. Lakini bomu lile lina mwenyewe. Tuliwaona Gale, rafiki yake Katniss, na Beetee wakilibuni wazo la mtego wa namna hiyo kule Wilaya ya 13, tulimwona Katniss akikereka, tukajua. Kifo cha Prim kinaturudisha nyuma kwenye uamuzi wa mtu tunayemfahamu. Risasi ya David inaturudisha wapi?

Sasa nije kwenye kero yangu ya zamani, kwa kuwa hapa imezaa matunda yake. Nafsi ya kwanza katika wakati uliopo imekuwa sare ya riwaya za vijana tangu Collins, na wengi wameivaa bila kujua ilishonwa kwa ajili ya nini. Collins alikuwa na sababu: ndani ya uwanja wa mashindano Katniss hajui dakika ijayo, nasi hatujui. Roth aliichukua kwa Tris na ikamfaa kwa vitabu viwili, sauti moja tu. Kisha *Allegiant* inafunguliwa na sura zenye majina juu yake, "Tris," "Tobias," na msomaji mzoefu anashtuka papo hapo. Kwa nini leo wawili? Kwa sababu mmoja hatafika mwisho, na lazima abaki mwingine wa kuzika. Taharuki imevuja ukurasa wa kwanza. Ingesameheka kama Tobias angekuwa na sauti yake, lakini wote wawili wanafikiri kwa sentensi fupi zilezile na kuuona ulimwengu kwa jicho lilelile, hata inabidi urudi mwanzo wa sura kuangalia jina la anayesema.

Lipo na suala la bidhaa yenyewe iliyonunuliwa. Mashujaa wanailaani Bureau kwa kufuta akili za watu, na wanaposhinda wanafuta akili za watu wa Bureau, wakiwamo ambao hawakupanga lolote. Walio wao wanachanjwa, wasio wao wanapoteza maisha yao yote ya nyuma. Mjadala wa jambo hili ni mfupi mno kwa uzito wake. Kifo cha Carton hakimdhuru yeyote. Cha Tris kinalipia tendo ambalo kitabu kizima kilikuwa kikitufundisha kuliona kuwa jinai. Riwaya yenye ujasiri ingelikabili hilo usoni. Hii inamweka mama mwenye upendo mlangoni ampokee Tris, na machozi yanafunika swali.



Filamu sitaitetea. Ile tabia ya kukata kitabu cha mwisho vipande viwili, iliyoanza kushamiri na *Deathly Hallows* mwaka 2010 na 2011 na kuendelea na *Mockingjay* mwaka 2014 na 2015, imeharibu zaidi ya ilivyojenga, na *Allegiant* ya Robert Schwentke mwaka 2016 ililipa gharama. Tris yu hai inapoisha. Sehemu ya pili, iliyopewa jina *Ascendant*, haikutengenezwa kama filamu ya sinema. Kwa hiyo kosa la kitabu halikupata hata nafasi ya kurekebishwa kwenye skrini. Lilikwepwa tu, na mamilioni ya watazamaji wakaachwa na hadithi ya kujitoa ambayo ndani yake hakuna aliyejitoa hadi mwisho.

Marekebisho yalihitaji kurasa chache. Mtoe David chumbani. Mwache nyuma ya kioo ukimtaka, akiona asiweze kuzuia, na hapo mazungumzo yake na binti wa Natalie yapate nafasi yote. Seramu isimuue Tris papo hapo, kwa kuwa tumekwisha kuamini uwezo wake wa kupambana nazo. Imwache afike kwenye kifaa, aandike namba, abonyeze kitufe, huku kila hatua ikimchukua kipande. Ile nguvu yake ambayo vitabu vitatu vimeisifu ingempatia dakika alizozihitaji na isimpatie zaidi. Matumaini aliyomwambia Caleb yangekuwa ya kweli na yangekuwa hayatoshi. Natalie angemjia vilevile, na Tobias angerudi kutoka mjini kukuta pengo lilelile.

Na Caleb asingebaki mhusika wa pembeni katika msiba aliousababisha. Kwa mpangilio uliochapishwa, anaweza kujiambia kwamba dada yake aliipita salama seramu iliyokuwa fungu lake yeye, na kwamba aliyemuua ni mtu mwingine kwa sababu nyingine. Roth alimpa njia ya kutokea, kisha hakutuonyesha hata akiitumia.