Akaunti Usiyoijua: Soma Namba Kabla ya Jina

Mwaka 2003, Microsoft ilipotoa toleo la 1.1 la .NET Framework, baadhi ya watu wenye Windows XP nyumbani waliona kompyuta zao zimebadili tabia. Awali mashine ikiwashwa ilifunguka yenyewe mpaka mwisho. Sasa ilisimama njiani kuuliza anayeingia ni nani. Kando ya jina la mwenyewe lilikuwapo la pili: ASP.NET Machine Account. Waliodhani wamedukuliwa hawakuwa na kosa, ila akaunti ilikuwa halali. Programu iliiunda ili kazi za tovuti ziendeshwe kwa haki ndogo, zisiguse haki za msimamizi. Baadaye NVIDIA nayo ilileta UpdatusUser kwa ajili ya kusasisha programu za kadi zake za picha, na Windows 10 ikawa inaacha defaultuser0, masalia ya usakinishaji yaliyopaswa kujifuta.

Mifano hiyo imewazoesha mafundi wengi kumjibu mteja kwamba aiache tu, ni ya mfumo. Sikubaliani nao. Mvamizi naye anayajua majina hayo, na hakuna kinachomzuia kuchagua linalofanana nayo. Jina la akaunti huandikwa na anayeiunda. Namba yake hutolewa na Windows, na hapo ndipo uchunguzi unapaswa kuanzia.

Fungua PowerShell, andika Get-LocalUser | Select Name,SID,Enabled,PasswordLastSet,LastLogon. Kila akaunti itaonyesha kitambulisho kirefu kinachoanza na S-1-5-21, na tarakimu zake za mwisho ndizo zinazosema. 500 ni msimamizi aliyekuja na Windows yenyewe. 501 ni akaunti ya mgeni, 503 ni DefaultAccount, 504 ni WDAGUtilityAccount inayohusika na ulinzi wa Defender. Kwenye kompyuta ya nyumbani, hizo nne kwa kawaida huwa zimezimwa. Kuanzia 1000 ni akaunti zilizoongezwa, na mtu au na programu. Ni kama namba ya chasisi ya gari: rangi hubadilika na mmiliki hubadilika, yenyewe inabaki.

Kwa anayenunua kompyuta ya mtumba, maarifa haya yana thamani kubwa. Mashine iliyosakinishiwa Windows ya Kijerumani ina akaunti iitwayo Gast; ya Kifaransa ina Invité. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuliona jina hilo akashtuka, lakini 501 inamaliza shaka. Kinyume chake, akaunti inayojiita Guest1 yenye 1003 si ya asili hata kidogo. Tena namba hutolewa kwa mfuatano. Kama wewe ni 1001 na ngeni ni 1002, ilikuja baada yako. Ikiwa iko chini ya yako, ilikutangulia; huenda ni ya fundi aliyekuwekea Windows, au ni ile defaultuser0, ambayo ndiyo sababu kwenye Windows 10 mtumiaji wa kwanza mara nyingi huwa 1001 badala ya 1000.

Utaona sikutumia amri ya zamani ya net user kuorodhesha akaunti. Sikuiruka bure: haionyeshi majina yanayoishia na alama ya dola, na wavamizi wanalijua hilo. Kuna pia sehemu ya rejista, SpecialAccounts\UserList, ambako jina likipewa thamani ya 0 halionekani kwenye skrini ya kuingilia. Programu halali nazo huitumia njia hii, kwa hiyo kufichwa peke yake hakuthibitishi uhalifu.

Kinachofuata ni kujua akaunti iliundwa lini na nani. Andika eventvwr.msc, ingia kwenye kumbukumbu za Security, chuja tukio namba 4720. Hapo kuna saa ya kuundwa na jina la aliyeunda. Ukikuta SYSTEM, kuna uwezekano ni huduma au kisakinishi. Ukikuta jina lako, basi ni programu uliyoiruhusu au mtu aliyeketi kwenye kiti chako. Linganisha saa hiyo na tarehe ambazo programu zako zilisakinishwa. Usichelewe, maana kumbukumbu hizi zikijaa huandikwa upya juu ya za zamani.

Kisha andika net localgroup Administrators. Kwangu jibu la amri hii ndilo zito kuliko yote. Akaunti ya ASP.NET ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wa kawaida tu. Akaunti isiyo na mwenyewe, iliyomo kwenye kundi la wasimamizi na iliyoingia juzijuzi, haistahili kuvumiliwa. Kata intaneti. Badilisha manenosiri ya barua pepe na ya benki kwa kutumia kifaa kingine, hifadhi nyaraka zako, sakinisha Windows upya. Kuizima akaunti moja hakutoshi, kwa kuwa aliyekuwa na haki hizo angeweza kuacha njia nyingine ya kurudi.

Isipokuwa hivyo, zima kwanza, usifute: net user, jina la akaunti, kisha /active:no. Itumie kompyuta kama kawaida. Programu fulani ikigoma, umempata mwenye akaunti, na /active:yes inairudisha. Iliyofutwa hairudi. Hata ukiiunda upya kwa jina lilelile, Windows itaipa namba nyingine, na faili zilizofungwa kwa usimbaji wa Windows chini ya akaunti ile ya awali huenda zisifunguke.

Ikiwa hakuna kilichogoma na umeamua kuifuta, nakili kwanza kitambulisho chake. Ukishafuta, unaweza kukuta namba ndefu ya S-1-5-21 kwenye sifa za folda, mahali palipokuwa na jina. Hiyo ni ruhusa ya zamani ambayo Windows haina tena jina la kuiwekea. Ilinganishe na kitambulisho ulichokinakili kabla ya kufuta. Zikiwa sawa, unaweza kuiondoa ruhusa hiyo bila wasiwasi.