Sura ya Nne Ilikuwa Chini ya Filamu

"Fundi, naomba unisaidie, msimamizi anaitaka Jumatatu." Dada huyu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa amepita steshenari kuprinti kurasa tatu. Kijana wa dukani akaichanganya flashi yake ya GB 8 na ya mteja aliyetaka kuwekewa filamu. Akafuta folda moja kupata nafasi, akaingiza filamu. Folda hiyo ndiyo iliyobeba tasnifu.

Pipa la taka la Windows halikuwa na kitu, kwa sababu vinavyofutwa kwenye flashi havipitii huko. Nikahakikisha pia si kile kirusi cha shotikati, maana chenyewe huficha tu mafaili na amri ya attrib huyarudisha. Hapa mafaili yalikuwa yamefutwa kweli.

Nilianza kwa kunakili flashi nzima, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu zinazodaiwa kuwa tupu, kwa ddrescue ya Linux. Kwa kasi ya megabaiti 20 hivi kwa sekunde, dakika saba zilitosha. Flashi ikaingia kwenye bahasha, nikabaki nachezea nakala. Wengi huharibu hapa: wanapakua programu ya kurejesha mafaili na kuiweka kwenye flashi ileile, wanajenga juu ya kaburi kabla ya kufukua.

Flashi ilikuwa ya FAT32. Katika mfumo huu data hukatwa vipande viitwavyo klasta, na kwa flashi hii kila kimoja ni kilobaiti 4. Jedwali la FAT linasema baada ya klasta hii inafuata ipi. Kisha kuna orodha ya folda, ambamo kila faili lina mstari wa baiti 32 wenye jina, ukubwa na namba ya klasta ya kwanza. Ukifuta, data haiguswi. Mnyororo kwenye jedwali unafanywa sifuri, na baiti ya kwanza ya mstari inageuzwa E5, alama iliyorithiwa kutoka CP/M ya miaka ya 1970. Nilipofungua nakala kwa kihariri cha heksadesimali, palipokuwa na SURA4, yaani 53 55 52 41 34, pakasomeka E5 55 52 41 34. S tu ndiyo imeliwa.

Ukubwa ulikuwepo: kilobaiti 900 hivi, sawa na klasta 225. Namba ya klasta ya kwanza ndiyo iliyonisumbua, kwani nusu yake ya juu ilikuwa sifuri tupu. Windows ina tabia hiyo inapofuta kwenye FAT32. Nikaazima nusu ya namba ya folda yenyewe, nikikisia kwamba baba na watoto wanakaa mtaa mmoja, halafu nikachukua klasta 225 mfululizo kuanzia hapo. Sura ya kwanza na ya pili nilizivuta kwa njia hiyo, zikafunguka bila taabu. Ya nne ikagoma. Faili la docx kwa undani ni zip, na zip huanza na herufi PK, za Phil Katz aliyebuni muundo huo. Mwanzoni mwa sura ya nne hapakuwa na PK. Palikuwa na vipande vya filamu.

Hapo nikaachana na orodha ya folda na kuiendesha PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Yenyewe haijali majina. Inasoma nakala kuanzia mwanzo ikitafuta alama za kila aina ya faili: FF D8 FF kwa picha ya JPEG, %PDF kwa PDF, na kadhalika. Ikatoa nyaraka 14 za Word zenye majina kama f0412672.docx. Namba hiyo ni ya sekta ilikopatikana, haisemi chochote kuhusu kilichomo.

Kilichotuokoa ni mazoea ya Word yenyewe. Unapobofya kuhifadhi, Word haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya pembeni, kisha hubadilisha majina. Dada alikuwa akihifadhi moja kwa moja kwenye flashi, jambo ambalo siku nyingine ningemgombeza, kwa hiyo kila kuhifadhi kuliacha nakala mahali tofauti. Kujua ipi ni ya mwisho, nilizifungua kama zip na kusoma core.xml, yenye tarehe ya kuhifadhiwa. Tano zilikuwa sura ya nne. Iliyokuwa mpya zaidi ilikatika mwishoni, mahali zip inapoweka faharasa yake, hivyo Word ikaikataa, na kilichotoka ndani yake ni aya chache tu. Iliyofuata, ya Jumamosi, ilifunguka nzima.

Zilikosekana kurasa sita. Alizichapa upya usiku huo kutoka kwenye daftari. Filamu niliijaribu kwa udadisi: ilicheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama.